Kupima ubongo wa asiyeugua: Nani hufaidika, nani huumia?

MNAMO Oktoba 2025, nyota wa runinga wa Marekani Kim Kardashian alifichua katika kipindi chake kwamba madaktari waliopiga picha ya ubongo wake walikuta sehemu ndogo ya mshipa wa damu imetuna. Kabla ya siku kuisha habari hizo zilikuwa zimezunguka ulimwengu, na swali likazuka papo hapo: iwapo hatari kama hiyo yaweza kujificha kichwani mwa mtu asiyehisi lolote, kwa nini kila mtu asipimwe?

Swali hilo halikuanza naye, wala si la matajiri wa California pekee. Hospitali za kibinafsi katika miji mikubwa, Nairobi ikiwemo, huuza vifurushi vya uchunguzi wa afya kwa watu ambao hawaugui. Mashine ya MRI, ambayo zamani ilijulikana na wagonjwa mahututi na madaktari wao tu, sasa inaweza kufikiwa na yeyote mwenye fedha. Nchini Marekani picha ya mwili mzima hutozwa takriban dola 2,500, yaani zaidi ya Sh300,000.

Mantiki ya kawaida husema kwamba kujua ni bora kuliko kutojua, na kinga ni bora kuliko tiba. Katika maradhi mengi ndivyo ilivyo. Lakini kuhusu mishipa ya ubongo iliyotuna, hesabu ambazo wataalamu wamekuwa wakizifanya kwa zaidi ya miaka 25 zinaonyesha jambo ambalo wengi hawalitarajii: kwa mtu wa kawaida asiye na dalili, kupimwa kunaweza kuleta madhara makubwa kuliko yale aliyokuwa akiyakimbia.

Ugonjwa wenyewe, ambao madaktari huuita anyurizimu, hutokea pale ukuta wa mshipa unaopeleka damu ubongoni unapodhoofika na kutuna mithili ya kifuko. Sehemu inayoathirika zaidi ni chini ya ubongo, mahali mishipa inapogawanyika. Si uvimbe wa saratani, na mara nyingi hauna dalili yoyote.

Hatari huja kifuko hicho kinapopasuka. Damu humwagika katika nafasi inayouzunguka ubongo, na mgonjwa hushikwa ghafla na maumivu ya kichwa ambayo hajapata kuyahisi maishani. Takriban thuluthi moja ya wanaopatwa na mkasa huo hufariki, na wengi wanaosalia hubaki na ulemavu wa mwili, wa kumbukumbu au wa usemi. Fauka ya hayo, ugonjwa huu haungoji uzee. Huwapata watu wengi wenye umri wa miaka 40 hadi 60, ambao bado wana watoto wa kusomesha, na wanawake ndio wengi kuliko wanaume.

Ndiyo sababu wanaotetea upimaji hawawezi kupuuzwa. Wana mfano mzuri wa kutaja. Mwaka wa 1988 Joe Biden, aliyekuwa wakati huo seneta wa Delaware, alipasukiwa na mshipa na kufanyiwa upasuaji mwezi Februari. Madaktari walikuwa wamegundua kifuko cha pili upande mwingine wa ubongo, wakakifunga miezi michache baadaye kabla hakijapasuka. Miaka 33 baadaye mtu huyo aliapishwa kuwa Rais wa Marekani. Nani basi atathubutu kusema kwamba kifuko kile cha pili kingeachwa?

Lakini Biden hakuwa mtu wa kawaida asiye na dalili. Alikuwa tayari amepasukiwa na mshipa mmoja, na mtu wa aina hiyo yuko katika hatari kubwa zaidi. Kumtumia kama kigezo cha kumpima kila mpita njia ni kulinganisha mambo yasiyolingana.

Jambo la kwanza linalovuruga hesabu za upimaji ni kwamba vifuko hivi ni vingi mno kuliko vifo vinavyosababishwa navyo. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka wa 2011 ulikadiria kwamba takriban watu watatu kati ya kila 100 wanavyo. Lakini kupasuka hutokea kwa watu wachache sana, kati ya sita na tisa katika kila watu 100,000 kwa mwaka. Kwa maneno mengine, wengi wenye vifuko hivi huishi navyo, huzeeka navyo, na hatimaye hufa kwa sababu nyingine bila hata kujua kwamba walikuwa navyo.

Ukubwa na mahali kifuko kilipo ndivyo huamua mengi. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka wa 2003 uliwafuatilia wagonjwa ambao vifuko vyao havikuwa vimetibiwa. Miongoni mwa wale ambao hawakuwahi kuvuja damu na ambao kifuko chao kilikuwa sehemu ya mbele ya ubongo na chini ya milimita saba, hakuna hata mmoja aliyepasukiwa katika muda wa miaka mitano. Kwa vile vya milimita 25 na zaidi katika sehemu hiyo hiyo, hatari ilifika asilimia 40. Vya nyuma vilikuwa hatari zaidi katika kila kipimo.

Takwimu ya sifuri ilizua ubishi mkali miongoni mwa wapasuaji, kwa kuwa kila mmoja wao alikuwa amewahi kumhudumia mgonjwa aliyepasukiwa na kifuko kidogo. Ubishi wao ulikuwa na msingi. Vifuko vidogo ni vingi sana, hivi kwamba hata sehemu ndogo tu ikipasuka, wagonjwa wake watajaa wodini. Hata hivyo, hilo halimsaidii mtu mmoja mmoja aliyeambiwa ana kifuko cha milimita nne kujua kama chake ndicho kitakachopasuka.

Mnamo 2014 wataalamu walijumlisha takwimu za tafiti sita zilizohusisha zaidi ya watu 8,000 kutoka Ulaya, Amerika Kaskazini na Japan. Walipata kwamba wastani wa hatari ya kupasuka ulikuwa asilimia 1.4 kwa mwaka wa kwanza na asilimia 3.4 kwa miaka mitano.

Chukua basi watu wazima 1,000 wasio na dalili, uwapige picha wote. Takriban 30 watakutwa na kifuko. Wakiachwa bila kutibiwa, kwa wastani huo ni mmoja tu kati ya hao 30 atakayepasukiwa katika miaka mitano ijayo. Wengine 29 hawatapatwa na lolote katika muda huo.

Je, wakitibiwa wote? Kuna njia mbili kuu. Ya kwanza ni kufungua fuvu na kukibana kifuko kwa kibanio cha chuma. Ya pili ni kupenyeza mrija mwembamba kupitia mshipa wa pajani au mkononi hadi ubongoni, kisha kukijaza kifuko kwa nyaya laini ili damu isiingie tena. Uchambuzi uliochapishwa mwaka wa 2019 kuhusu matibabu ya vifuko ambavyo havijapasuka ulionyesha kwamba takriban asilimia tano ya waliotibiwa kwa mrija na asilimia nane ya waliopasuliwa fuvu walipata matatizo. Vifo vilikuwa vichache, chini ya nusu ya asilimia moja kwa njia zote mbili, lakini baadhi ya matatizo hayo ni kiharusi.

Asilimia tano ya 30 ni mtu mmoja na nusu. Asilimia nane ni zaidi ya wawili. Ili kumwokoa mmoja katika miaka mitano, mmoja au wawili wangeumizwa, na wote walikuwa wazima siku waliyoingia hospitalini kwa miguu yao.

Kwa hakika hesabu hii si ya mwisho. Miaka mitano ni muda mfupi kwa mtu wa umri wa miaka 35, ambaye ana miaka mingi ya kuishi na hatari hiyo, ilhali madhara ya matibabu hutokea mara moja. Kwa mtu kama huyo, hasa akiwa na kifuko kikubwa, matibabu yanaweza kuwa na faida. Kwa mwenye umri wa miaka 70, aghalabu hayana. Ndiyo sababu madaktari makini huwashauri wengi waliokutwa na vifuko vidogo wasifanyiwe lolote ila kupigwa picha tena baada ya muda.

Ushauri wa "tungoje tuone" ni rahisi kutamka. Anayeupokea hurudi nyumbani na jambo ambalo hawezi kulisahau. Kila kichwa kinapomuuma hudhani saa imewadia. Huenda akaacha kuinua mizigo au kusafiri. Akijaza fomu ya bima ya maisha atalazimika kueleza alichoambiwa, na kampuni itajua la kufanya na jibu hilo. Jana alikuwa mtu mzima. Leo ni mgonjwa wa ugonjwa usiouma.

Aidha, mashine haitafuti kifuko peke yake. Katika utafiti uliofanywa Rotterdam, Uholanzi, na kuchapishwa mwaka wa 2007, watu wazima 2,000 wasio na dalili walipigwa picha za ubongo. Asilimia 1.8 walikutwa na vifuko, lakini asilimia 7.2 walikuwa na makovu ya viharusi vya kimya na asilimia 1.6 walikuwa na uvimbe usio wa saratani. Kila ugunduzi wa namna hiyo huzaa ziara nyingine kwa daktari, picha nyingine na ada nyingine.

Jaribio la wazi zaidi la kupima faida na hasara lilifanywa Uholanzi na matokeo yake kuchapishwa mwaka wa 1999. Watafiti hawakupima watu wa kawaida, bali jamaa wa karibu wa wagonjwa 160 waliokuwa wamepasukiwa: wazazi wao, ndugu zao na watoto wao. Kati ya jamaa 626 waliopigwa picha, 25 walipatikana na vifuko, na 18 wakafanyiwa upasuaji.

Miezi sita baadaye, 11 kati ya hao 18 walikuwa wamepungukiwa na uwezo wa kufanya shughuli zao, ingawa ni mmoja tu aliyepata ulemavu mkubwa. Ilikadiriwa kwamba upasuaji uliwaongezea wastani wa miaka miwili na nusu ya kuishi, lakini kwa gharama ya miaka 19 ya kuishi na upungufu. Faida hiyo ilipogawanywa kwa wote waliopimwa, kila mmoja alipata chini ya mwezi mmoja. Watafiti walikata kauli kwamba jamaa 149 wangepaswa kupimwa ili kuzuia mshipa mmoja kupasuka maishani.

Matibabu yameimarika tangu wakati huo. Mrija umechukua nafasi ya kisu kwa wagonjwa wengi, hasa baada ya utafiti mkubwa wa mwaka wa 2002 kuonyesha kwamba wagonjwa ambao vifuko vyao vilikuwa vimepasuka na ambao wangeweza kutibiwa kwa njia zote mbili walipata nafuu zaidi kwa mrija. Hesabu ya leo si mbaya kama ile ya 1999. Hata hivyo, haijabadilika kiasi cha kuhalalisha kumpima kila mtu.

Kuna kundi moja ambalo mizani huelemea upande wake. Ni wale wenye jamaa wawili au zaidi wa karibu waliowahi kupatwa na ugonjwa huu. Wataalamu wa Utrecht, Uholanzi, walizifuatilia familia za namna hiyo kwa miaka mingi, na mwaka wa 2014 wakaripoti kwamba asilimia 11 walikutwa na kifuko walipopimwa mara ya kwanza. Miongoni mwa wasiokutwa nacho, asilimia nane walikuwa nacho walipopimwa mara ya pili miaka kadhaa baadaye. Wanaougua maradhi ya kurithi yanayojaza figo vifuko vya maji nao wamo katika hatari kubwa kuliko watu wengine. Mwongozo wa madaktari wa Marekani wa mwaka wa 2015 unapendekeza makundi haya yapewe nafasi ya kupimwa. Hauwapendekezei watu wote.

Nchi iliyofuata njia tofauti ni Japan. Tangu mwishoni mwa miaka ya themanini, Wajapani wamekuwa na huduma ya kupima ubongo wa watu wazima wasio na dalili, na taifa hilo lina mashine nyingi za MRI kwa idadi ya watu wake kuliko karibu kila nchi nyingine. Ni kutokana na upimaji wa aina hiyo ndipo ulimwengu ulipata baadhi ya maarifa yake bora kuhusu vifuko visivyopasuka. Wajapani pia wana sababu ya kuogopa, kwa kuwa mishipa hupasuka zaidi kwao na kwa Wafini kuliko kwingineko.

Hata hivyo, uchambuzi uliochapishwa mwaka wa 2019 uliokusanya takwimu za nchi nyingi unazua maswali. Kati ya 1980 na 2010 visa vya mishipa kupasuka vilipungua duniani kutoka takriban 10 hadi sita kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Ulaya vilipungua kwa asilimia 40. Japan viliongezeka kwa zaidi ya nusu. Haitakuwa haki kusema kwamba upimaji ndio uliosababisha ongezeko hilo. Wajapani wamezeeka, na mashine bora hutambua wagonjwa ambao zamani wangezikwa bila kutambuliwa. Lakini wala haiwezekani kusema kwamba upimaji ndio ulioziokoa nchi za Ulaya, kwa sababu huko haukufanywa.

Kilichobadilika Ulaya ni mambo ya kawaida kabisa. Uchambuzi huo ulionyesha kwamba visa vilipungua sambamba na shinikizo la damu na uvutaji sigara. Kila asilimia moja ya watu walioacha sigara iliambatana na upungufu wa asilimia 2.4 wa visa, na kushuka kwa shinikizo la damu kwa kipimo kimoja tu kuliambatana na upungufu wa asilimia saba. Finland ilishuhudia visa vikipungua kwa takriban robo kati ya mwishoni mwa miaka ya tisini na 2012, wakati ambapo vijana wake walikuwa wakiitupa sigara.

Hapa ndipo suala hili linapoigusa Kenya moja kwa moja. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba ugonjwa huu ni nadra miongoni mwa Waafrika. Mwaka wa 2009 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi walichapisha rekodi za wagonjwa waliogunduliwa katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, na imani hiyo ikatikisika. Mahali pasipo na mashine za kuutambua ugonjwa, ugonjwa huo hautaonekana.

Kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa mwaka wa 2015, karibu robo ya Wakenya wenye umri wa miaka 18 hadi 69 walikuwa na shinikizo la juu la damu, na asilimia 56 hawakuwa wamewahi kupimwa shinikizo hilo hata mara moja. Mwaka uliotangulia, uchunguzi mwingine ulionyesha kuwa takriban watu wazima milioni 2.5 walikuwa wakitumia tumbaku.

Mtu anayelipia picha ya MRI ilhali hajawahi kufungwa mkononi kitambaa cha kupima presha ameanza safari kutoka mwisho. Kitambaa hicho si ghali. Mnamo Septemba 2023 serikali iliwazindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 na kuwapa mikoba yenye vifaa, mashine ya kupima presha ikiwa mojawapo. Iwapo mashine hizo zina betri, na iwapo mwenye presha akigunduliwa kijijini atapata vidonge katika zahanati mwezi baada ya mwezi, ni maswali yanayohusu maisha ya watu wengi kuliko picha zote za ubongo zitakazopigwa Nairobi mwaka huu.

Suala la pili ni kile kinachotokea siku mshipa unapopasuka. Picha ya CT ikipigwa katika saa sita za kwanza na kusomwa na mtaalamu, huonyesha damu karibu kila mara. Kifuko kilichopasuka kinaweza kupasuka tena, na hatari ni kubwa zaidi katika saa 24 za kwanza. Lakini mgonjwa anayeanguka Lodwar au Mandera yuko mamia ya kilomita kutoka kwa daktari wa upasuaji wa ubongo, kwani wengi wao wako Nairobi na miji mingine michache. Kabla ya kufika huko, huenda akatibiwa malaria, homa ya uti wa mgongo au kipandauso. Huyo hana anasa ya kujiuliza kama apimwe akiwa mzima.

Mfuko wa bima ya afya ya jamii ulioanza kazi Oktoba 2024, ambao wafanyakazi huukatia asilimia 2.75 ya mishahara yao, unaendeshwa sambamba na mfuko tofauti wa dharura na maradhi sugu. Shilingi inayotumika kumpima asiye na dalili haiwezi kutumika tena kumsafirisha huyo wa Lodwar. Wanaoshinikiza uchunguzi wa mapema wa kila ugonjwa ugharamiwe na umma hawana budi kueleza ni huduma gani itakayopunguzwa.

Hata lile kundi dogo linalostahili kupimwa lina kikwazo chake humu nchini. Ili mtu ajue kwamba ana jamaa wawili waliopasukiwa na mshipa, lazima kwanza ajulishwe kilichowaua. Mama aliyeshika kichwa, akapiga yowe na kuanguka jikoni, kisha akafariki njiani kuelekea hospitalini, huenda akaandikiwa kiharusi au presha, au asiandikiwe chochote. Mazishi hufanywa, na majirani hutafuta wa kulaumiwa. Miaka kumi baadaye dada yake huanguka vivyo hivyo, na mabinti zao hawana habari kwamba wao ndio hasa wanaopaswa kumwona daktari. Kuwauliza jamaa maswali machache kabla ya cheti cha kifo kuandikwa, na kumpiga picha ya CT mgonjwa anayefika akiwa hai, kungewatambua mabinti hao.